Kasoro Isiyoulizwa



Mwalimu mmoja wa kwaya aliniletea swali, akaomba nimjibu katika gazeti hili ili na wengine wapate kusikia. Swali lake ni hili: Mtu akiuza gitaa la besi lenye kasoro iliyofichika, na mnunuzi asiulize neno, je, muuzaji amemdhulumu mwenziwe? Au kosa ni la mnunuzi, kwa kuwa alikuwa na macho na kinywa, wala hakuvitumia?

Nimechelewa kumjibu. Sababu si wingi wa kazi. Sababu ni kwamba swali hili lanihusu mimi mwenyewe, na mtu hapendi kufungua mbele ya watu fundo alilolifunga kwa mkono wake. Lakini nimeona ni afadhali nijibu kwa uwazi, maana asiyekubali kuonekana kosa lake hawezi kumfundisha mwingine.

Miaka sita iliyopita vijana wa kwaya yetu walitaka kununua gitaa la besi. Walikuwa na ngoma, na kinanda, na gitaa moja la kawaida, lakini sauti ya chini ilikosekana, na wimbo usio na sauti ya chini ni kama nyumba isiyo na msingi. Basi wakalima shamba la mahindi kwa pamoja, wakauza maandazi baada ya ibada, na mwisho wa mwaka wakawa na shilingi 450,000. Nikafuatana nao mjini kwa mfanyabiashara mmoja auzaye vyombo vilivyokwisha kutumika. Akatuonyesha gitaa jekundu la nyuzi nne, liking'aa kama tunda lililooshwa. Kijana wetu akalipiga kidogo, likalia vema. Tukalipa, tukashukuru, tukarudi nyumbani tukiimba.

Jumapili ya tatu nyuzi zikaanza kugonga shingo na kutoa mlio mbaya. Tukampelekea fundi. Akaliinua kwenye jicho lake kama seremala aangaliavyo ubao, akasema shingo imepinda. Akataka kuinyosha kwa kukaza chuma kilichomo ndani yake, akakuta chuma kile kimekatika zamani, na mahali pa kukazia pamezibwa kwa gundi na kupakwa rangi. Tukarudi kwa mfanyabiashara. Hakukana, wala hakuona haya. Alisema neno moja tu: "Mchungaji, hamkuniuliza."

Neno hilo ndilo swali la mwalimu wetu. Na kabla ya kulijibu yafaa tulieleze gitaa lenyewe, maana wazee wengi hulisikia kila Jumapili wala hawajui limefanywaje.

Gitaa la besi la umeme si chombo cha kale. Kabla yake wapigaji wengi walitumia fidla kubwa ya kusimama, yenye kimo cha mtu na zaidi, ambayo kuisafirisha ni taabu. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa mji wa Fullerton katika jimbo la California, Marekani, alianza kuuza gitaa la besi la umeme, akaliita Precision, maana yake usahihi, kwa kuwa vijiti vya chuma vilivyopachikwa katika shingo humwezesha mpigaji kuipata kila sauti mahali pake. Uzito wake wapata kilo 4. Basi mpigaji akaweza kulitia begani na kupanda nalo gari. Tangu mwanzo, basi, chombo hiki ni cha kusafiri, na kwa sababu hudumu miaka mingi, ni chombo cha kupita mikono mingi.

Nyuzi zake, kutoka mwanzo wa shingo hata mahali zinapofungwa kifuani, mara nyingi zina urefu wa inchi 34, yaani sentimita 86 hivi. Zikikazwa sawasawa, zote nne pamoja huvuta kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, kana kwamba mtu mzima amening'inia pale usiku na mchana. Mti peke yake hauwezi kustahimili hayo. Ndiyo sababu ndani ya shingo hutiwa fimbo ya chuma, ambayo fundi huikaza au kuilegeza ili shingo inyoke. Fimbo hiyo haionekani. Mnunuzi aona rangi, na mng'ao, na jina lililoandikwa juu; lakini kile kinachokibeba chombo chote kimefichwa ndani ya mti. Muuzaji aliyekitumia chombo mwaka mzima akijua, na mnunuzi aliyekishika robo saa hajui. Hapo ndipo penye neno letu.

Swali hili limewasumbua watu wenye hekima tangu zamani. Cicero, Mrumi, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alieleza mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater mwanafunzi wake. Walifikiri habari ya mfanyabiashara aletaye nafaka kutoka Aleksandria mpaka kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameona merikebu nyingine nyingi zaja na nafaka. Je, awaambie watu wa Rhodes, na bei ishuke, au anyamaze na kuuza kwa bei ya njaa? Kisha wakafikiri habari ya mtu auzaye nyumba yenye ubovu usioonekana. Diogenes alishika kwamba muuzaji azitaje kasoro zile ambazo sheria yamlazimisha kuzitaja, na mengine auze bila hila. Kunyamaza si kudanganya. Antipater alishika kwamba asifiche neno lolote. Kumwacha mnunuzi apotee kwa kutokujua, alisema, ni kama kumwona msafiri aliyepotea na kukataa kumwonyesha njia. Cicero mwenyewe aliona kwamba si kila kunyamaza ni kuficha. Lakini kutaka mwenzio asijue, kwa faida yako, jambo ambalo lingemfaa kulijua, huko ndiko kuficha.

Miaka elfu na mia mbili na zaidi baadaye, katika karne ya 13, Thomas wa Aquino alilipambanua jambo hili kwa namna ifaayo sana. Kasoro ikiwa wazi kwa kila mwenye macho, muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi bei iwe imeshuka kadiri yake. Lakini kasoro iliyofichika, ambayo itamletea mnunuzi hasara au hatari, sharti asemwe mnunuzi. Naye Luther, katika maandiko yake ya mwaka 1524 juu ya biashara, aliikataa vikali kanuni ya wafanyabiashara wa siku zake ya kuuza kwa bei ya juu kadiri iwezekanavyo. Alionyesha kwamba kuuza kwako ni tendo umtendealo jirani, wala si jambo lako peke yako. Kila mtoto wa kipaimara amejifunza maelezo ya amri ya saba katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, na humo mali ya jirani ipatikanayo kwa bidhaa ya hila imewekwa karibu kabisa na ile ipatikanayo kwa kuiba.

Basi nasema hivi: Mwenye kujua ana deni kwa asiyejua. Hana deni la kila analolijua. Gitaa likiwa na mikwaruzo tumboni, halina haja ya shahidi, mnunuzi aiona. Lakini shingo iliyokatika chuma chake, ufa mahali shingo inapoungana na mwili, sumaku ya sauti iliyokufa ikatiwa nyingine hafifu, haya ni ya kutajwa yasipoulizwa. Maana mnunuzi hakuyanyamazia kwa uzembe. Ataulizaje habari ya chuma ambacho hajui kama kipo? Yule asemaye, "Hukuniuliza," amwadhibu mwenziwe kwa kukosa elimu.

Kadhalika na jina. Watu wengine huchukua gitaa la bei ndogo, wakalibandika jina la kiwanda mashuhuri, wakaliuza mara tano ya thamani yake. Huyo hakunyamaza tu. Amesema uongo kwa karatasi. Tena hata namba si ushahidi wa kutosha. Magitaa ya Fender ya zamani yalipigwa namba katika bamba la chuma nyuma ya maungio ya shingo, mpaka mwaka 1976 namba ilipohamishiwa kichwani mwa gitaa. Bamba lashikwa na skrubu tu, na mtu mwenye bisibisi aweza kulihamisha kutoka gitaa moja mpaka jingine katika dakika chache. Muuzaji mwaminifu husema, "Bamba hili ni la zamani, lakini mwili huu sijui umetoka wapi." Naye asiyejua kabisa asione aibu kusema, "Sijui, sijalifungua." Neno hilo, sijui, ni neno la heshima katika biashara, na laiti lingesikika zaidi.

Sasa nirudi kwenye fundo langu.

Tulikaa na gitaa lile jekundu muda wa mwaka, tukilitumia kwa shida. Fundi alilitilia nyuzi nyembamba, na kijana wetu akazilegeza kidogo, hata likawa lafaa kwa nyimbo za pole. Kisha kwaya ikaazimu kuliuza na kununua jingine. Akaja kijana mmoja kutoka usharika wa mbali, fundi wa baiskeli, amekwisha kuweka akiba muda mrefu. Siku ile palikuwa na baridi, gitaa likalia vema kuliko siku zote. Akauliza, "Kwa nini mnaliuza?" Mtunza hazina wetu akajibu, "Twataka jingine kubwa zaidi." Hilo lilikuwa kweli. Akauliza tena, "Mmelitumia siku nyingi?" Akajibiwa, "Mwaka mzima, kila Jumapili." Nalo lilikuwa kweli. Kijana akanitazama mimi. Nadhani alinitazama kwa sababu ya kola yangu. Mimi nikatabasamu, nikamwuliza habari za wazee wa kwao. Akahesabu shilingi 450,000, akalitia begani, akasema, "Kwaheri, Baba Mchungaji, nawashukuru sana." Akaenda zake.

Ndugu zangu, sikusema uongo hata neno moja. Nawaambieni kwamba hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Usiku ule niliyatafuta maneno yangu yote nipate kuona ni lipi la kujutia, nisilione. Tena moyo wangu ulikuwa na jibu tayari: Sisi pia hatukuambiwa. Sisi pia tulipata hasara. Tena hakutuuliza habari ya chuma. Ndipo nilipojisikia nikisema kwa sauti ya yule mfanyabiashara, neno kwa neno. Mtu aliyetudhulumu sisi alikuwa amenifundisha, nami nilikuwa mwanafunzi mwema.

Hapa naona siri ya dhuluma ya namna hii. Kasoro ifichwayo husafiri. Aliyedhulumiwa aona kwamba ana haki ya kuipitisha kwa mwingine, kama mtu aliyepewa noti bandia sokoni, asitake kuichana, bali aipenyeze katikati ya nyingine njema. Kila mmoja ajiita mwenye kudhulumiwa, wala hakuna ajiitaye mdhalimu. Na mwisho wake mzigo wote hukaa juu ya yule ajuaye kidogo kupita wote, au aliye maskini kupita wote, kwa kuwa huyo hana wa kumpitishia.

Asubuhi nikampigia simu yule kijana, nikamweleza yote. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Shikamoo, Baba Mchungaji." Alikuwa amesahau kunisalimu, au labda hakujua aseme nini. Nikamwambia alete gitaa apewe fedha zake. Baada ya siku mbili akapiga yeye. Alikuwa amelipeleka kwa fundi wa kwao, na fundi amesema sumaku zake na vigingi vya kukazia nyuzi ni vizuma, na shingo nyingine yaweza kutafutwa. Akasema atalichukua kwa shilingi 150,000. Tukakubali, tukamrudishia 300,000. Basi mwone kwamba kasoro ikitajwa, biashara haifi. Hupata bei yake. Gitaa bovu nalo lina thamani yake ya haki. Kilichokufa ni ile faida iliyosimama juu ya kutokujua kwa mwenzetu, nayo haikuwa mali yetu.

Lakini sitaki kuipamba habari hii. Kwaya iliona uchungu. Mtunza hazina wetu aliniambia, "Mchungaji, vijana wamelipa mara mbili kwa kosa la mtu mmoja, na mtu huyo yu dukani kwake anakunywa chai." Alisema kweli. Tuliimba bila besi mpaka Pasaka ya mwaka wa pili. Sina ahadi ya kuwapa kwamba asemaye kweli atapata faida. Mara nyingine hupata hasara tupu. Nasema tu kwamba hasara ile ilikuwa yetu, nasi tulikuwa tumempa mtoto wa watu aibebe.

Haya ni ya muuzaji. Je, mnunuzi naye hana deni? Anayo, maana pengine ajuaye ni yeye. Huko Marekani na Ulaya magitaa ya besi yaliyofanywa na Fender kabla ya mwaka 1965, mwaka kampuni iitwayo CBS ilipokinunua kiwanda chake, hutafutwa sana na wakusanyaji wa vyombo vya kale, nao hulipa bei ambayo mtu wa kawaida hawezi kuidhani. Fikirini mjane aliyeachiwa gitaa chini ya kitanda. Kwake ni mti na waya. Anakuja mpigaji mwenye ujuzi, alitambua kwa kulitazama mara moja, kisha asema kwa unyonge, "Mama, hili ni la kale, limechakaa, nitakupa kidogo."

Wako watakaosema kwamba ujuzi wa mpigaji ni matunda ya kazi yake, naye ana haki ya kuyala. Nami nakubali kwa sehemu. Mtu anayezunguka minadani, akitafuta kwa saburi kati ya vitu mia apate kimoja, wakati wauzaji nao ni wafanyabiashara wenye nafasi ya kupeleleza, huyo hakumdhulumu mtu akipata. Lakini yule mjane hakuja mnadani, amemwamini. Akimwuliza, "Mwanangu, hiki chafaa kiasi gani?" hapo amemfanya kuwa mshauri wake, na mshauri hana ruhusa ya kuwa mwindaji. Aseme thamani yake, aombe ujira wa haki kwa ujuzi wake, na mama atampa kwa furaha.

Tena mnunuzi ajiulize chombo kimetoka wapi. Wengi wamesikia habari za Paul McCartney, mwimbaji wa Uingereza. Mwaka 1961, alipokuwa kijana katika mji wa Hamburg, alinunua gitaa la besi la Höfner lenye umbo la fidla, kwa paundi 30 hivi. Kwa gitaa hilo zilipigwa nyimbo za kwanza za Beatles zilizoenea duniani. Mwezi wa Oktoba mwaka 1972 likaibiwa garini huko London. Aliyeliiba akaliuza kwa mwenye kilabu cha pombe cha jirani, na baada ya hapo likakaa katika nyumba ya jamaa ile miaka mingi, mwishowe darini. Mwaka 2023 watu waliokuwa wakilitafuta walitangaza habari zake kwa ulimwengu. Ndipo waliokuwa nalo walipotambua ni nini, wakalirudisha. Mwezi wa Februari mwaka 2024 ikatangazwa kwamba limerudi kwa mwenyewe, baada ya miaka 51. Waliolirudisha hawakuwa wezi. Lakini siku walipojua, deni likawa lao, nao wakalilipa. Ndivyo ilivyo: kutokujua humtetea mtu mpaka siku ajuapo, na toka siku ile halimtetei tena. Mtu akiletewa gitaa jioni kwa robo ya bei, halina mkoba wala risiti, na muuzaji ana haraka, asiseme kesho kwamba hakujua. Alijua, alikataa kuuliza.

Nikamalizie kwa habari ya safari, maana vijana wetu siku hizi husafiri sana na vyombo, kwenda kwenye mashindano ya kwaya na kuzitembelea sharika za ng'ambo.

Njiani nako mwenye kujua ana deni. Gitaa la besi lina urefu wa mita moja na zaidi kidogo, na mahali palipo dhaifu ni pale kichwa kinapoungana na shingo. Likitiwa chini ya magunia katika sanduku la mizigo la basi, laweza kuvunjika bila mtu kusikia. Utingo hajui, wewe wajua. Mwambie mapema, tena ulitie katika sanduku gumu, usingoje kumlaumu baada ya kulipa ukimya wako. Kadhalika mti hunywa unyevu na kuutoa. Chombo kilichozoea hewa ya pwani kikifika Dodoma penye ukavu hubadilika shingo yake, wala si lazima mtu awe amekiangusha.

Katika ndege yako mapatano ya mataifa yaliyofanywa Montreal mwaka 1999. Kwa mapatano hayo shirika la ndege hulipa mzigo uliopotea au kuharibika, lakini kwa kiasi chenye mpaka. Tangu mwisho wa mwaka 2024 mpaka huo ni vipimo 1,519 vya fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila abiria, ila kama abiria alitangaza thamani kubwa zaidi alipokabidhi mzigo, na kulipa ada ikitakiwa. Tena shirika halilipi uharibifu uliotokana na kasoro ya mzigo wenyewe. Angalieni jinsi sheria hiyo nayo inavyoitafuta ile kasoro ya siri. Mtu aliyekuwa na gitaa lenye ufa wa zamani, akalipokea uwanjani na ufa uleule, kisha akadai limepasukia ndegeni, ametenda lile lile la mfanyabiashara wetu, ila tu mdhulumiwa wake ni kampuni kubwa. Na ukubwa wa mdhulumiwa haufanyi uongo kuwa kweli.

Kisha yako mambo ya forodha. Wako wauzaji wa mbali wanaoandika hati mbili za bei, moja ya kweli kwa mnunuzi, na nyingine ndogo kwa afisa wa ushuru. Kwaya isipokee hati kama hiyo, ijapokuwa chombo ni cha kanisa. Wala msisahau mti wenyewe. Shingo za magitaa mengi hubandikwa uso wa mti wa jamii iitwayo Dalbergia, ambayo mpingo wetu ni ndugu yake. Kwa sababu miti hiyo ilikatwa kupita kiasi, mapatano ya mataifa juu ya biashara ya viumbe vilivyo hatarini yaliitia jamii yote chini ya ulinzi tangu Januari mwaka 2017. Mwishoni mwa mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokwisha kufanywa viliachiliwa, isipokuwa vya mti wa Brazili, uliozuiliwa kwa ukali tangu mwaka 1992. Anayeuza gitaa la zamani lenye mti huo kwa msafiri, naye ajua, amwambie, asije akanyang'anywa mpakani chombo alichokilipia kwa jasho.

Basi, mwalimu wangu, jibu langu ni hili. Muuzaji aliyenyamaza juu ya kasoro ya siri amemdhulumu mwenziwe, hata kama hakuulizwa. Hata hivyo mnunuzi asilale. Aitazame shingo kwa urefu wake kuelekea kwenye mwanga. Apige kila uzi katika kila kijiti, asiruke hata kimoja. Azungushe vifundo vya sauti akisikiliza mkwaruzo. Aombe kuona mahali pa kukazia chuma, na kama hajui kukaza, aje na fundi. Kisha, kabla ya kuhesabu fedha, amwulize muuzaji swali moja lililo pana kuliko yote: "Ndugu, je, kuna neno unalolijua juu ya chombo hiki, ambalo ungependa kuambiwa kama ungekuwa wewe unayenunua?"

Akiulizwa hivyo, mwaminifu atasema. Asiye mwaminifu itampasa aseme uongo kwa kinywa chake, wala hatapata tena pa kujificha ndani ya ukimya. Mimi nilipata mahali hapo pa kujificha siku ile, nyuma ya tabasamu na salamu za wazee. Ni mahali penye starehe sana. Ndiyo sababu nimewaonyesha mlango wake, ili mkipita karibu mpate kuutambua.

Ni mimi ndugu yenu katika kazi.